Bomba la Tatu

Mama alinituma nikamfuate Najat kabla adhana ya magharibi haijaisha. Mdogo wangu huyo alikuwa kwenye chumba cha gemu cha Revelian, na mimi nilikuwa na hasira naye tangu mchana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, sina kazi. Kila jioni kazi yangu ilikuwa kumsaka mtoto wa miaka kumi katika vichochoro vya Hananasifu, kama kuku asiyejua banda lake.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mgao. Umeme ulikatika tangu saa tisa. Kila dirisha lilinuka mafuta ya taa, nami njiani nikawa najiuliza: bila umeme, huyu mtoto anacheza gemu gani?

Revelian alikuwa barazani kwake akiwasha kandili. Nikampa shikamoo. Aliniambia amewatoa watoto wote, kabaki Najat peke yake, ameomba kusubiri umeme urudi.

Nikasukuma mlango.

Ndani kulikuwa na mwanga wa bluu.

Televisheni ilikuwa inawaka. Najat alikaa kwenye benchi, padi mapajani, vidole vyake havigusi kitufe hata kimoja. Waya wa televisheni ulikuwa umeviringishwa juu ya meza, plagi yake inaning'inia ukingoni.

"Dada, taratibu," alinong'ona. "Nimeipata."

Nilijua anachosema, maana watoto wa mtaa mzima walikuwa hawana habari nyingine. Lile gemu lilikuwa la kijimtu kinachoruka mashimo na kupanda matofali, wenyewe wakikiita Kaputula. Ilisemekana ukimsimamisha juu ya bomba la tatu, ukaiacha padi bila kuigusa mpaka muziki uishe wenyewe, Kaputula anazama chini, kwenye steji ya siri iliyojaa zawadi. Hakuna aliyewahi kufika. Nani angetulia hivyo, na foleni ya wenzake inamsukuma mgongoni?

Jioni ile hapakuwa na foleni.

Zawadi sikuziona. Niliona mtaa. Mapaa ya bati, mpera mmoja, pipa la maji lililofunikwa kwa sinia. Baraza iliyomeguka pembe ya kushoto...

Nyumba yetu.

Kaputula alisimama mbele ya mlango wetu, ametupa mgongo. Muziki hakuna. Chumba kilianza kunuka udongo mbichi, kama kisima kinapochimbwa.

"Najat..."

Sauti ya mama. Najat hakuitika.

Marehemu bibi yetu alitukanya tangu tungali wadogo: ukiitwa magharibi, usiitikie mpaka uitwe mara tatu. Binadamu mwenye shida na wewe atarudia. Asiye binadamu huishia mara mbili. Lakini mama naye alikuwa na sheria yake. Mtoto wa kike akiitwa anasema abee papo hapo, na mimi makofi ya kuchelewa kuitika niliyala mengi kabla Najat hajazaliwa. Sheria ya mama ndiyo iliyonikaa mwilini.

"Najat..."

Mdogo wangu alinyoosha vidole viwili, akanionyesha. Bado kimoja.

Nikaona ananifanyia jeuri. Nikamshika sikio, nikalipinda.

"Unaitwa. Itika."

Akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga.

"Itika, nimesema!"

"Abee," alisema.

Mlango wetu ukafunguka mle kiooni. Kaputula akaingia, ukafungwa. Televisheni ikazimika.

Gizani ndipo akili iliponirudia. Nyumbani ni mitaa mitatu kutoka pale. Na mama ana pumu. Tangu nipate fahamu zangu, sauti yake haijawahi kuvuka uani.

Nilimkokota Najat hadi nyumbani, mkono wake ndani ya mkono wangu. Mama alikuwa jikoni, hakugeuka.

"Umechelewa wapi, Munira? Mwenzio keshaingia kitambo. Kapita chumbani hata salamu hana."

Kisha akageuka, akamwona Najat amesimama nami. Mwiko ukamponyoka.

Tuliingia chumbani na taa. Hapakuwa na mtu. Ila kitanda cha Najat kilikuwa kimebonyea katikati, na shuka linanuka udongo mbichi.

Alisomewa visomo, akafungwa hirizi. Revelian niliyemsimulia yote hakunicheka. Aliuza ile mashine wiki ileile, lakini aliniapia jambo moja: gemu lile amelicheza mwanzo hadi mwisho, na mabomba yake ni mawili tu.

Miaka minne imepita. Kila magharibi Najat huinua kichwa na kusema abee, wala hakuna aliyemwita. Niliwahi kumuuliza kama bado ni mama anayemwita.

"Siyo mama," alisema. "Ni wewe, dada. Unanambiaga itika."

Tangu siku hiyo silitamki jina lake. Nikimhitaji namgusa bega. Najuta, na majuto hayana dawa.

Jana tulikuwa uani tunachambua mchele. Adhana ilipoanza niliuma midomo, makusudi, ili aone kinywa changu kimefungwa. Akanitazama usoni.

"Abee," alisema.

Akatulia. Akaitika tena. Akatulia. Akaitika tena. Kisha akaweka ungo chini, akaanza kutafuta kandambili zake.

Nilimshika mkono, nikamuuliza anakwenda wapi.

Alinishangaa kabisa. Najat wangu, mtoto aliyekuwa anaijua sheria ya bibi kuliko mimi.

"Si umeniita wewe?" alisema. "Leo umeita mara tatu."