Kengele ya Tarishi

Jumapili ile Cornel hakutaka kwenda kuwinda. Hakutaka jambo lolote, ukweli ni huo. Tangu mkewe Generosa azikwe, alikuwa mtu wa kuamka, kufanya kazi na kulala. Lakini mama mkwe wake, Bibi Bernadina, alikuwa ametuma salamu kwamba angefika kesho yake, na mkwe hapokewi kwa mlenda mtupu. Kwa hiyo jua lilipopoa alimfunga mbwa wake kengele shingoni, akampitia jirani yake Ngassa, wakaingia porini kutafuta kitoweo.

Mbwa aliitwa Tarishi. Alikuwa na rangi ya udongo, sikio moja limekatika, na alikuwa mwizi wa mayai asiye na haya. Generosa ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa kwenye kikapu. Siku ya mazishi Cornel hakutoa chozi, na watu wakamsema. Mbwa ndiye aliyelia. Tangu hapo wawili hao walilala chumba kimoja, na kama kuna kitu Cornel alikuwa bado anakipenda duniani, ni kiumbe huyo mwenye viroboto. Mwenyewe alilijua hilo, na alilionea aibu kidogo.

Wawindaji wa huko hujaza nyasi ndani ya kengele ya mbwa ili isilie njiani. Wakifika penye mawindo huzitoa, mbwa akaachiwa, nao wakamfuata kwa sauti. Kila mtu husokota nyasi na kushindilia tu. Generosa peke yake alizisuka tatu-tatu, kama nywele za msichana, kisha akafunga fundo mwishoni. Ngassa alikuwa akimtania, "Shemeji, mbwa huyu unampeleka harusini?"

Upande wa Rwamgasa wachimbaji wa dhahabu walikwisha fukuza wanyama wote. Wakavuka kijito, wakaingia kwenye mahame, miji ya kifamilia iliyoachwa mwaka ule watu wote walipohamishiwa vijijini. Cornel naye alikuwa na mji wake huko. Generosa alizikwa nyuma ya nyumba, na wakahamishwa kabla udongo wa kaburi haujatulia. Hakuwahi kurudi.

"Bebe, we Cornel, huku si kwako?" Ngassa aliuliza.

"Ni kwangu."

"Basi turudi."

"Mkwe anakuja kesho."

Cornel alitoa nyasi, akamwachia mbwa. Haukupita muda, Tarishi akamwinua digidigi kichakani. Kengele ikaenda mbio kando ya ua wa minyaa, ikapinda, ikarudi...

Pu... pu-pu.

Mtu alikuwa anapiga kitako cha kibuyu.

Kengele ikanyamaza. Tarishi alisimama katikati ya njia, sikio juu, digidigi akampita karibu kabisa asimtazame. Mkia wake ukaanza kutikisika.

Cornel aliijua sauti ile. Ndivyo Generosa alivyokuwa akimwita mbwa aje kula makombo. Hakumwita kwa jina hata siku moja.

"Umesikia?" Ngassa alinong'ona.

"Nimesikia."

"Nani anakaa huku?"

"Hakuna mtu."

Pu... pu-pu.

Tarishi akaenda. Hizo hazikuwa mbio za kuwinda. Alikimbia vile mbwa anavyokimbilia nyumbani. Kengele ikaingia nyuma ya minyaa, ikalia, ikalia... ikakatika ghafla.

Kama imeshikwa na mkono.

"Tarishi!" Cornel aliita. "Tarishi! Tarishi!"

Kimya. Ikaja harufu ya pumba za mahindi zilizochacha. Ngassa alikataa katakata kuvuka ua, kwa hiyo Cornel akaingia peke yake.

Nyumba ilikuwa haina paa, na nyasi zilimfika kifuani. Lakini nyuma, karibu na kaburi, palikuwa na matuta. Matuta mapya, yamenyooka, udongo bado una unyevu, na huo ulikuwa wakati wa kiangazi ambapo hakuna mtu alimaye. Kati ya matuta kulikuwa na nyayo ndogo za mtu asiye na viatu. Kando yake nyayo za mbwa. Na nyuma yao alama za katambuga, zile ndara za tairi, za mguu mkubwa wa mwanamume.

Kengele ilikuwa imetundikwa kwenye mwimo wa mlango wa zamani. Ndani yake mlikuwa na nyasi mbichi.

Zimesukwa.

Tatu-tatu, fundo mwishoni.

"Usizitoe!" Ngassa alinong'ona kwa nguvu, akichungulia kutoka nje ya ua. "Ikilia mkononi mwako, umemwita. Atakuja. Na mwenye kummiliki atakuja nyuma yake."

Cornel alisimama pale akingoja moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Alingoja afurahi, au aogope, hata kimoja. Mwishowe alimwita mbwa mara moja tena, akachukua kengele na nyasi zake, wakarudi bila nyama.

Kesho yake Bibi Bernadina alikula mlenda. Alikaa barazani, na Cornel akakaa uani akiwa ameelekeza uso pembeni, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe wake. Alipoulizwa mbwa yuko wapi, alisimulia yote. Kisha akaiweka kengele chini, akajitenga, ndipo bibi akaja kuiokota. Aliupapasa ule msuko kwa muda mrefu.

"Kusuka hivi nilimfundisha mimi."

"Mayu, mama yangu, ninyi ndio mliomwosha. Alikuwa yeye?"

"Sura ilikuwa yake, baba." Bibi alishusha sauti. "Lakini alikuwa mwepesi. Tulimgeuza kwa mkono mmoja. Tukatazamana na shangazi zake, hakuna aliyefungua mdomo. Ungesema nini, na watu wamejaa uani wanalia?"

"Sasa ni nini?"

"Litunga," alisema bibi.

Hakuhitaji kueleza. Huko kila mtoto ameambiwa habari za matunga: wachawi huwafumba watu macho, mgomba ukazikwa kwa sanda, na mtu mwenyewe akafichwa, akakatwa ulimi, akalishwa pumba na kulimishwa mashamba ya watu. Asiye na ulimi haiti. Anaweza tu kupiga kibuyu.

"Wanasema ukimwita kwa jina lake, anageuka na kurudi," bibi alisema. "Wewe uliita nani?"

Cornel alitazama chini.

"Mbwa."

Bibi Bernadina alifunika uso kwa upande wa kanga yake.

Cornel na Ngassa walirudi kule mchana pamoja na mjumbe wa nyumba kumi. Matuta waliyakuta; mtu hawakumkuta, wala mbwa. Mjumbe alisema labda ni mvamizi anayelima kwa siri, na alitaka sana iwe hivyo. Cornel akaitundika kengele kwenye msumari juu ya mlango wake. Nyasi zikakauka, zikawa zinamwaga vumbi kizingitini, naye akawa anafagia.

Asubuhi moja alikuta kitu kingine cha kufagia. Nyayo ndogo, peku, zilikuja mpaka mlangoni. Kando yake za mbwa. Zilisimama hapo muda mrefu, maana udongo ulikuwa umekanyagika, kisha zikageuka. Akainua macho.

Nyasi ndani ya kengele zilikuwa mbichi.

Hakuna kilichobweka. Nani abweke, na Tarishi alikuwa upande wa mgeni? Cornel mwenyewe alikuwa amelala fofofo, mkono mmoja tu kutoka mlango ule. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe, Cornel alilia, akiwa na ufagio mkononi.

Jioni, giza lilipoanza kuingia, alitoa kigoda, akakaa kizingitini. Aliyakumbuka maneno ya Ngassa, tena vizuri sana. Akafungua fundo. Akazifumua nyasi polepole, akazilaza pajani mwake, kisha akaitikisa kengele.

"Generosa," aliita. "Generosa, mke wangu. Njoo."

Kule nyuma ya mihogo kukajibu kitu.

Pu... pu-pu.

Nyasi zikapisha njia. Akasikia mbio za mbwa, zile za kurudi nyumbani. Akasikia miguu peku, myepesi, ikijikwaa kwa haraka.

Na nyuma yao, bila haraka yoyote, katambuga.