Shangazi wa Kwenye DVD

Walipoacha kulipia filamu za mtandaoni, baba, fundi wa baiskeli, alirudi na mfuko wa DVD za mtumba na deki iliyokohoa kila ilipowashwa.

"Tunachagua kwa zamu," akasema. "Na mtu akichagua mbovu, tunavumilia mpaka mwisho!"

Mshonaji, mkewe, alifurahi. Zamani kila mtu alijikunja konani na simu yake. Sasa walibanana watatu kwenye mkeka mmoja.

Aliyeona kwanza ni binti yao wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo.

"Mama, yule shangazi yupo tena."

Alikuwa nyuma kabisa kwenye filamu ya harusi, amesimama ukutani, amewapa kisogo. Jana alikuwa kwenye ya vita. Juzi kwenye ya katuni, penye watu wa kuchorwa tu.

"Anatafuta riziki huyo, kila filamu yumo," baba akatania.

"Amesimama siku nyingi, amechoka," Chiriku akasema, akasogea, akaacha nafasi.

Mama moyo ukamlainika. "Haya shangazi, karibu ukae nasi."

Yule mwanamke akageuka.

Deki ikazima. Chumba kikanuka nguo zilizovunda majini, na pale palipoachwa nafasi mkeka ukabonyea taratibu. Tangu siku hiyo Chiriku akanyamaza, akawa anashinda pale mchana kutwa ameegemea hewa, nywele zake zikisukwa na kufumuliwa na vidole visivyoonekana, na kila mama alipomnyanyua alimkuta mwepesi kuliko jana, wa baridi kuliko jana, mpaka mchana mmoja alipomwita kwa jina, mtoto asifumbue mdomo, na pembeni yake sauti ya mtu mzima ikaitika, "Abee."

Wakamwita mganga, mwanamke wa makamo. Akanong'ona, "Huyu jini hakuvunja mlango. Nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Basi utamtoa wewe. Na usimwonee huruma. Ukimhurumia atabaki, mwanao ataondoka."

Mshonaji akapiga magoti. "Toka," akasema, akiutazama mkeka uliobonyea.

Kilio kikaanza, chembamba, cha mtu aliyefukuzwa nyumba nyingi. "Niende wapi, dada? Sikukusudia kumuumiza. Nilimpenda tu."

Mkono wa mshonaji ukanyooka wenyewe kumbembeleza. Mganga akaudaka.

"Toka!" mama akapiga kelele, machozi yakimtiririka. "Hatukutaki! Hakuna anayekutaka hapa!"

Mkeka ukainuka. Mlango ukafunguka, kisha ukafungwa polepole, kwa adabu.

Chiriku akapata joto. Akanywa vikombe viwili vya maji, na baba akamkumbatia huku analia na kucheka. Mtoto akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kama anayemwona mara ya kwanza.

"Mama," akanong'ona, "na mimi nikikuchosha, utanifukuza hivyo?"