Gari Lisilonguruma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kengele alimsaidia mama yake kupanga mkoba wa kazi: bandeji huku, mabomba ya sindano kule, na dawa zinazotaka baridi ndani ya kisanduku chenye barafu. Mama alikuwa muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Jina la Kengele alilibuni shangazi, kwa sababu mtoto huyu alipokuwa mchanga, akilia yeye, mtaa mzima uliamka.

Gari la mama lilikuwa limechoka. Asubuhi lilikohoa kuliko wagonjwa wenyewe. Basi Jumamosi moja mama na binti wakaenda kwenye yadi ya magari. Muuzaji, dada mcheshi mwenye funguo tele kiunoni, aliwaonyesha magari matatu yaliyofanana kama mapacha: madogo, lakini yameinuka kidogo ili yasilambe mashimo ya barabarani.

"Sura moja, tabia tofauti," alisema. "Hili lina injini ya kawaida ya petroli, halina makuu. Hili la pili lina turbo, kifaa cha kusukuma hewa nyingi ndani ya injini, kwa hiyo lina nguvu na mbio. Hili la tatu ni haibridi, yaani la mseto: lina injini ya petroli na mota ya umeme. Kwenye foleni linaweza kwenda kwa umeme peke yake. Mlimani vyote viwili vinasaidiana. Na kila ukikanyaga breki, betri inajichaji."

Aliliwasha lile la turbo. Likanguruma, na moyo wa Kengele ukaruka. Alijiona akishuka mbele ya lango la shule, wenzake wote wamekodoa macho. Muuzaji alipoliwasha la mseto, Kengele hakusikia kitu.

"Limekufa?" aliuliza.

"Limewaka, mdogo wangu. Ndiyo sauti yake hiyo." Kisha akamgeukia mama. "Dada, wewe unaendeshea wapi hasa?"

"Humu humu mjini. Nasimama, naondoka, nasimama tena. Foleni ndiyo nyumba yangu ya pili."

"Basi hili limeundwa kwa ajili yako. Ila jambo moja." Akawaonyesha tundu lenye wavu kando ya kiti cha nyuma. "Hapa betri kubwa inavuta hewa ya kujipoza. Msipazibe kwa mizigo wala nguo. Hata wewe ukizibwa pua utakasirika."

Mama alicheka, akalichukua. Kengele, aliyeng'ang'ania la turbo, alinuna.

Shuleni mambo yakawa yale aliyoyaogopa. "Gari lenu halina sauti! Mama yako analisukuma kwa miguu?" rafiki yake alimtania, na darasa likaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo Kengele akawa analipanda gari lile kama mtu aliyelazimishwa kunywa dawa chungu.

Siku moja ya joto kali mama alimpitia baada ya michezo. Kengele alitupa sweta lake kwenye kiti cha nyuma, likaangukia lile tundu. Aliliona. Alikumbuka kabisa alichoambiwa. Lakini kwa hasira zake, akaliacha, na juu yake akabwaga begi la vitabu.

"Tumebakiwa na mgonjwa mmoja tu," mama alisema. "Babu mmoja fundi cherehani, anaishi juu mlimani. Dawa yake ya sukari imekwisha, na hawezi kula mpaka adungwe sindano."

Walikuwa katikati ya mlima taa ya onyo ilipowaka. Gari likaishiwa nguvu, likajikokota, na mama akaliegesha kando ya barabara.

"Nilikosea," alisema taratibu. "Nilijidai najua kuchagua. Kesho nitalirudisha, tuchukue lile uliloling'ang'ania wewe."

Neno alilolitaka Kengele siku zote hizo lilikuwa limetoka lenyewe. Angenyamaza tu, turbo ingekuwa yao. Lakini alimwona mama akijifuta jasho, akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

"Mama, si gari," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nimeziba lile tundu. Niliona, nikaacha."

Mama aligeuka akamtazama. Hakumgombeza. Alimpigia simu fundi wa yadi, naye akasema: waondoe mizigo, wazime gari, washushe vioo kidogo, waliache lipoe, kisha walipeleke akalikague.

"Na babu je?" Kengele aliuliza.

"Tuna miguu," mama alijibu.

Kengele alikibeba kisanduku cha dawa mwenyewe, akaupanda mlima bila kukiweka chini hata mara moja. Babu alikuwa ameketi mlangoni, midomo imemkauka.

"Shikamoo, babu. Tumechelewa, na kosa ni langu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmefika, hilo ndilo kubwa." Alipokwisha kudungwa na kula, alimshika Kengele mkono. "Ahsante sana. Watoto wangu wako mbali. Bila mama yako, mimi ningeshasahaulika."

Kengele hakuwahi kufikiria kwamba wakati yeye yuko darasani, kuna watu wanakaa mlangoni wakimtazamia mama yake.

Waliporudi, gari lilikuwa limepoa, likawaka kwa ukimya wake uleule. Wakalipeleka yadi, fundi akalikagua, akasafisha kichujio cha lile tundu. "Mmewahi," alisema. "Mngeendelea kuliendesha hivyo, betri ingeharibika kweli. Nani aligundua?"

"Binti yangu," mama alijibu. "Ameniambia ukweli."

"Ahsante, mama," Kengele alisema njiani kuelekea nyumbani. "Kwa kutonigombeza. Na kwa... kwa kazi yote."

Mama alitabasamu. "Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitu kinachokwenda kimyakimya usikidharau. Kuna wengi wamekitolea jasho. Na ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati jambo bado linatengenezeka. Leo umesema mapema, ndiyo maana gari letu limepona."