Jiwe la Nne Jikoni kwa Celina

Kosa la Riungu nalitaja mwanzo, na Mungu anisamehe mimi niliyemwona nikanyamaza. Alimwagia dawa ya magugu kwenye mashina ya kahawa ya jirani yake, mjane Kiende, ili mama huyo achoke auze shamba. Kahawa ikakauka na matunda yake.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida pale Githongo, watu wakipeleka maziwa, Riungu alipoitwa kwa wazee. Kiende alitaka aape kwa nthenge, beberu wa kiapo.

"Mama, mimi ni shemasi," akacheka. "Huyo ni mbuzi tu. Chemsheni maji ya supu."

Mzee Kailemia akampa jiwe. Riungu akaupiga mguu wa beberu, kra!

"Kama ni mimi, tuvunjike hivi, mimi na nyumba yangu!"

Mguu wa pili. Wa tatu. Wa nne. Damu ikamrukia kwenye kola. Beberu hakulia. Alimtazama tu.

"Nyama yake haiguswi; anayeila hafunguliwi kiapo," mzee akanong'ona.

Lakini Riungu, kuonyesha haogopi, alirudi kichakani mzoga ulikotupwa, akakata paja. Mkewe Celina akalipika bila kujua lilikotoka. Wakaomba, wakala.

Kesho yake Celina alikuwa akichuma kahawa na mumewe. Kra! Hakuanguka. Hakuguswa. Mfupa wa mkono ulitokeza nje ya ngozi.

"Baba Kendi," akanong'ona, "umefanya nini?"

"Mimi? Sijafanya kitu."

Mkono wa pili ukavunjika hapo hapo.

Riungu akatimua mbio kwenda kwa Kiende kuungama. Mpakani, goti likapasuka. Akatambaa. Mguu wa pili ukakunjika nyuma kama kuni mbichi. Alifika akijivuta kwa viwiko, mdomo umejaa udongo.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Kiende alimwangalia sana. "Nimekusamehe. Lakini mbona ulikula?"

Mifupa ile haijaunga mpaka leo. Kiende ndiye anawalisha uji wote wawili, na shamba lake mwenyewe ni vijiti vitupu. Jikoni kwa Celina mafiga yalikuwa matatu. Siku hizi ni manne. Lile la nne lina manyoya ya beberu. Kiende hulitupa mtoni, na asubuhi hulikuta pale pale, limelowa damu mbichi.

Ukipita Githongo, naomba umpelekee Kiende miche ya kahawa. Na akikukaribisha jikoni kwa Celina, tafadhali, lile jiwe usilikalie.