Kadi ya Michezo na Kadi ya Kazi

Umeme ulirudi saa nne asubuhi, na mtaa mzima ukaruka. Hapa kwetu umeme ukirudi hakuna anayeuliza utakaa mpaka lini. Unapika, unapiga pasi, unavuta maji, unachaji simu, vyote kwa mpigo mmoja. Mimi nilikimbilia mchele. Binti yangu Leyanis alikimbilia pampu. Mume wangu Osniel alikimbilia kompyuta, hata viatu hakuvaa.

Jina langu ni Maidelin. Tunakaa Kuba, katika mji mdogo nje ya Holguín, mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari. Kiwanda kilifungwa. Osniel alikuwa mchoraji wa mitambo pale kiwandani, na siku hizi anachora makabati ya jikoni kwa ajili ya bwana mmoja wa Mexico, don Efraín. Anayachora kwenye kompyuta, na kabati unaweza kuligeuza ukaliona mbele, nyuma na ubavuni. Michoro inakwenda kwa simu, pesa zinarudi. Mimi ni mwalimu, na mshahara wangu hauwezi kulisha hata paka. Kwa hiyo nyumba yetu ilisimama juu ya makabati ya watu wengine.

Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, ya ofisini, ile aina nyembamba inayolala chini ya skrini. Osniel akigeuza kabati, skrini inaganda.

"Nakunywa kahawa, narudi, kabati bado linageuka," alisema siku hiyo. "Don Efraín atanichoka. Kompyuta hii inataka kadi ya picha."

Kadi ya picha ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Kazi yake ni kuchora kile unachokiona kwenye skrini. Ikiwa dhaifu, au isipokuwepo, picha nzito zinakwama.

Ndugu yake Osniel, Raudel, anaishi ng'ambo, Tampa. Osniel alimpigia simu.

"Kuna mama anakuja huko na mizigo ya watu," Raudel alisema. "Nafasi yangu kwenye begi lake ni ya kitu kimoja. Sema unataka kadi ipi, na usinibadilishie maneno kesho."

Osniel alikaa kwenye bustani ya mji, mahali penye mtandao, akatazama video za vijana wanaosifu kadi. Akarudi anang'aa.

"Nimeipata! Kadi ya michezo. Ina feni mbili. Kwa bei yake hakuna yenye nguvu zaidi."

"Baba, umepima kama itaingia?" Leyanis aliuliza.

"Mwanangu, lini umeona Mkuba anashindwa na bati?"

Leyanis alicheka. Mimi nilimtazama akicheka, na moyo wangu ukaniuma. Raudel alikuwa ameahidi kumlipia nauli ya Guyana, na kutoka huko aende Brazil, ambako rafiki yake Leyanis anafanya kazi saluni. Tangu Januari tulimwuliza kama atakwenda, na tangu Januari jibu lake lilikuwa moja: "Bado nafikiri." Nilijua anachosubiri. Kazi ya baba yake ikisimama imara, atabaki. Ikianguka, atakwenda kama walivyokwenda wenzake wote wa darasa lake. Ni mtoto wetu wa pekee. Kwangu mimi kadi ile haikuwa ya makabati.

Kadi ikaja. Ilikuwa nzuri kuitazama, nzito, pana. Osniel alifungua kompyuta, akaijaribu mbele, akaijaribu kwa pembeni. Haikuingia. Ilikuwa nene na ndefu kupita kisanduku cha kompyuta chenyewe.

Sasa nikuambie jambo kuhusu sisi. Sisi ni watu wa kubuni. Jirani yetu ana feni iliyotengenezwa kwa mota ya mashine ya kufulia. Gari la binamu yangu linatembea kwa injini ya mtambo wa kuvutia maji. Ubuni umetulisha miaka mingi, na umetuzoeza kuamini kwamba kila kitu kitakubali ukikilazimisha.

Osniel alichukua msumeno wa chuma akakata kisanduku. Kadi ikakaa nusu ndani, nusu nje, imefungwa kwa ukanda wa begi. Halafu ikadai umeme wake wa ziada, kwa waya wake. Waya huo haukuwepo. Akakata waya uliokuwa unalisha kisomeo cha CD, akaunganisha, akafunga kwa utepe.

Ikawaka. Kabati liligeuka kama feni. Osniel alinibusu mbele ya dirisha, majirani wakapiga makofi.

Furaha ile haikufika mbali. Umeme ulikatika akiwa katikati ya kazi. Sisi tuna betri ya pikipiki ya umeme na inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Zamani kompyuta ilikula betri ile polepole, mchana mzima. Sasa Osniel aligeuza kabati mara moja tu, inveta ikapiga kelele, kila kitu kikazima. Mchoro ukapotea. Akaanza upya. Ukapotea tena.

Baada ya siku chache tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Leyanis alichomoa waya ukutani kwa mkono uliofungwa taulo. Nyaya alizounganisha baba yake zilikuwa zimeyeyuka.

Don Efraín aliandika kwa adabu, na adabu yake iliuma kuliko tusi: "Bwana Osniel, nakuheshimu sana. Lakini wateja wangu hawangoji. Nisipopata michoro Jumatatu ijayo, nitatafuta mtu mwingine."

Osniel alilala ameelekea ukuta. Hakula, na kusema kweli hapakuwa na cha kula. Tulikunywa maji ya sukari, tukalala. Nilimsikia Leyanis akizungumza na ami yake Raudel kwenye simu kwa sauti ya chini, nikajua mwanangu anakwenda. Nilikata tamaa kabisa. Sikuwa hata na nguvu ya kugombana na mume wangu, na ugomvi ni kitu nisichowahi kukosa.

Leyanis ndiye aliyesema, "Mama, mwite Migdalia."

Migdalia ni jirani yetu. Alifundisha kompyuta katika klabu ya vijana mpaka alipostaafu, na ulimi wake haujastaafu. Alikuja, akaitazama mashine, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani kaipasua maiti hii?"

"Mimi," Osniel alisema bila kugeuka.

"Kwa msumeno?"

"Kwa msumeno, Migdalia. Cheka umalize, uende."

"Sicheki, mwanangu. Geuka tuongee. Wewe unacheza michezo ya kompyuta?"

"Sichezi."

"Basi sikiliza. Kadi hii imetengenezwa kwa mtu anayecheza. Inatoa picha nyingi sana kwa sekunde moja, ili adui akitokea dirishani umwone kabla hajakupiga. Inafanya hivyo vizuri, na kwa bei nafuu. Si kadi mbaya. Lakini wewe unachora kabati. Umewahi kuona kabati linakimbia?"

Osniel aligeuka. "Video zilisema ina nguvu kuliko zote za bei yake."

"Na hazikusema uongo. Ulilinganisha nguvu, hukulinganisha mlo. Kadi hii ikifanya kazi inakula wati mia na hamsini peke yake, na kuna nyakati inaruka juu zaidi. Hii hapa," akagusa kijisanduku cha nyuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, "mafundi wanaiita pawa saplai. Ya kwako inatoa mia mbili na arobaini kwa kila kitu. Na inveta yako je? Ulimkaribisha mgeni anayekula chakula cha nyumba nzima."

"Sasa nifanyeje? Nichore kwa penseli?"

"Kuna kadi za kazi. Zile ndogo, fupi, nyembamba, zina kifeni kimoja. Nyingi hazifiki wati sabini na tano, na umeme wake zinauchukua palepale zinapochomekwa. Hakuna waya wa ziada, hakuna kuunganisha. Halafu wenye programu za kuchorea wanazijaribu kadi hizo moja moja, na wanatangaza ni zipi zinaelewana na programu yao. Mistari ya mchoro inakaa mahali pake."

"Yangu ilikuwa inameza mistari," Osniel alisema taratibu. "Nilidhani ni macho yangu."

Leyanis alikuwa amesimama mlangoni. "Kama ni nzuri hivyo, kwa nini hakuna anayezisifu?"

"Kwa sababu ukiziingiza kwenye mchezo zitachapwa na hii ya baba yako. Na zikiwa mpya ni ghali kuliko nguvu zake. Kijana wa video atapiga kelele gani? 'Tazameni, inachora rafu!'"

Mimi nikauliza swali la mwalimu. "Tungekuwa na kisanduku kikubwa na umeme usiokatika?"

"Angebaki na hii, shoga, tena kwa raha. Picha ya mwisho ya kabati ingetoka haraka zaidi. Lakini kadi hainunuliwi peke yake. Unaangalia kazi yako, kisanduku chako na umeme wako, ndipo unaangalia nguvu. Nyie mlianzia mwisho."

Raudel hakuwa na nafasi ya pili kwenye begi la mtu. Tulikuwa tumejua kosa letu, na kujua hakukutupa chakula.

"Kuna Yosvel kinyozi," Migdalia alisema. "Anacheza michezo usiku na mchana. Shemeji yake alimpa kadi iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi. Ndogo, ya kazi. Kila akiniona ananililia. Hapa watu wanabadilishana nyumba, sembuse kadi?"

Tulikwenda na kadi yetu ndani ya foronya. Yosvel ni mtu mzima mwenye kitambi, na alikuwa katikati ya kumnyoa mteja. Osniel aliitoa kadi, akamwomba wabadilishane.

"Hiyo?" Alidondosha mashine ya kunyolea kwenye paja la mteja. "Osniel, unanitania. Unanipa hiyo, unachukua kile kikaratasi changu?"

"Nachukua."

"Kadi yangu ni laana, nakuambia kama ndugu. Nikianza kukimbia kwenye mchezo, nafika nimeshakufa." Kisha akakunja uso. "Yako haijaungua?"

"Zilizoungua ni nyaya za huyu mhandisi," Migdalia alisema. "Ijaribu mbele yetu. Pawa saplai yako ni kubwa, na waya wake unao."

Aliijaribu palepale, kwenye kompyuta yake iliyokaa kando ya kioo. Ikaingia bila msumeno. Yosvel alipiga ukelele, mteja akabaki na nusu ya kichwa.

"Na utupe kipande cha kuunganishia skrini," Migdalia alimwambia. "Matundu ya hii ndogo si ya kawaida. Bila kipande hicho wataona giza tu."

Nyumbani, pawa saplai ilikuwa hai. Siku ile ya kuungua ilijizima yenyewe kabla haijafa. Kadi ndogo iliingia mahali pake kwa kidole kimoja. Kibati chake cha kuishikilia tu ndicho kilichokuwa kirefu. Osniel alikikata, na safari hii Migdalia alimruhusu.

Umeme ulikatika mchana huohuo. Inveta ilinguruma kidogo, ikatulia. Osniel aligeuza kabati. Likageuka. Akaligeuza tena, polepole, kama mtu asiyeamini, akaanza kulia. Picha ya mwisho inachelewa kuliko ilivyokuwa kwenye ile kadi kubwa, hilo sikufichi. Lakini inafika mwisho. Michoro ilikwenda Jumapili, kabla ya siku aliyopewa. Don Efraín alijibu kwa kutuma kazi nyingine tatu za jikoni.

Pesa zikaja. Nilinunua mchele, maharage na kipande cha nguruwe. Tulikula sote watatu tukashiba, na nilikuwa naimba nikikusanya sahani, kwa sababu nilidhani nimeshinda.

Leyanis alichukua sahani mikononi mwangu.

"Mama, nimemwambia ami Raudel anikatie tiketi."

"Tiketi gani? Kazi ya baba yako imerudi! Hukuona?"

"Nimeona. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ningewaacha vipi mnakunywa maji ya sukari? Nilikuwa nasubiri muwe na kazi, mama. Sasa mtakula. Sasa naweza kwenda."

Osniel alikuwa amekaa mbele ya kabati lake la kwenye skrini. Hakugeuka. Nilitaka kumwambia mwanangu kwamba tutaitupa kadi ile, kwamba tutalala njaa tena, miaka yote anayotaka. Mama hasemi hivyo, ingawa ndivyo nilivyotaka, na mpaka leo ndivyo ninavyotaka.

Aliondoka Alhamisi.

Wewe unayetaka kununua kadi ya picha, usianze na nguvu. Jiulize unafanya kazi gani. Pima kisanduku chako kwa rula, ndani, si nje. Jua umeme wako unabeba wati ngapi, wa ukutani na wa betri. Uliza programu yako inaelewana na kadi ipi. Kama unacheza, una kisanduku kipana na umeme wa kutosha, ya michezo itakufaa, usione haya. Kama unachora kwenye kisanduku chembamba, tafuta ndogo ya kazi, hata iliyotumika. Haya ni mambo ya kweli, na kwetu yamefanya kazi.

Osniel anachora hata mtaa ukiwa giza. Mchele haujakatika. Mkono wangu bado unapima wa watu watatu, na kila siku unabaki.