Mguu wa Kulia, Mguu wa Kushoto

Pikipiki ya Novatus ilikuwa imeshaiacha migomba ya Chonyonyo nyuma, na Ainembabazi bado alikuwa hajaamua atashukia wapi. Baba yake, Aristides, alikuwa amempandisha mwenyewe kama kila mwezi, akamwambia dereva amfikishe hospitali ya Kayanga, achomwe sindano, arudi.

Sindano hizo alizianza akiwa darasa la tatu. Mwaka ule magoti na viwiko vilivimba kwa zamu, leo hiki, kesho kile, na moyo ukawa unakwenda mbio hata akiwa amekaa. Daktari alisema ni homa iliyoanzia kooni, na kwamba imegusa mlango mmoja wa moyo. Sindano ya kila mwezi ingeizuia isirudi. Sasa alikuwa darasa la sita na sindano ile alikuwa ameichoka. Dawa yake ni nzito, ikiingia tu mguu unakufa ganzi, na kesho yake unachechemea. Wenzake wa netiboli hawakumwacha.

"Bata wetu huyo," Vero, rafiki yake, alizoea kusema. "Mpeni njia apite."

Walipofika Bugene, Vero na wenzake walikuwa uwanjani tayari.

"Kaka Novatus, nishushe hapa."

"Baba yako kasema Kayanga."

"Si hapo tu? Nitatembea."

Kweli si mbali, na Novatus alikuwa na abiria anamngoja. Akamshusha. Ainembabazi akacheza mpaka jua likapinda, kisha akarudi nyumbani. Alipokaribia ua akaanza kuchechemea. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kila mwezi tangu shule zifunguliwe Januari.

"Umechomwa?" baba akamuuliza.

"Nimechomwa, baba."

"Haya, pumzika."

Bibi yake, Sperancia, alikuwa anamenya ndizi mlangoni pa jiko. Kesho yake alimwita.

"Jana uliumwa mguu wa kulia. Leo umehamia wa kushoto?"

Ainembabazi akainama. Bibi akacheka taratibu.

"Usiogope, simwambii mtu. Sindano zote hizo za nini? Koo lako nilishalimaliza mimi."

Ainembabazi alipokuwa mdogo na koo linamuuma, bibi alimpeleka kwa mzee Desderius, mkata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Mzee alikikata kwa chuma chake, na damu ilipokauka bibi akasema shida imekwisha. Wapo wengi wanaoamini hivyo, kwamba aliyekatwa kimeo hana tena koo la kuugua. Basi mtoto akapata wakili, na uongo wake ukawa na mahali pa kukaa.

Masika yalipoanza koo liliuma, likapoa lenyewe. Hakuna aliyelitilia maanani. Baada ya wiki kadhaa, wakati wa kuchuma kahawa, Ainembabazi alishindwa kupandisha ndoo kutoka shambani. Kila baada ya mibuni michache anasimama, anahema.

"Umejifunza uvivu wapi?" baba akamuuliza.

Pumzi ya kujibia hakuwa nayo. Akawa analala ameegemea gunia la buni, maana akilala chali anaona kama anazama majini. Asubuhi moja baba aliona miguu yake imevimba na midomo imebadilika rangi. Hakungoja chai. Walipanda gari, yeye, mtoto na bibi, wakaenda hospitali.

Daktari Kemirembe alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akampima kwa mashine inayoonyesha moyo ukipiga.

"Mlango wa kushoto wa moyo umebana," akasema. "Mmeona ng'ombe wakirudi jioni, lango la zizi likawa jembamba? Wanarundikana nje. Damu nayo inarundikana kwenye mapafu. Ndiyo maana hawezi kulala chali." Akamgeukia Aristides. "Sindano anachomwa?"

"Kila mwezi, daktari. Mimi mwenyewe ndiye ninayempandisha pikipiki."

Daktari akaitazama tena mashine. "Basi sielewi. Mlango haukuwa hivi. Kama amechomwa zote na homa imerudi, sindano hii haimkingi. Itabidi nitafute njia nyingine."

Ainembabazi alimtazama bibi. Bibi alikuwa anatazama sakafu. Mtoto akavuta pumzi, akatoa maneno moja moja.

"Sijachomwa. Tangu Januari. Nashukia Bugene."

"Unachechemea," baba akasema, kama mtu anayemkumbusha jambo.

"Najifanya."

Ndipo bibi alipomwambia Aristides, "Mwanangu, nilijua. Nilimwambia sindano hazina kazi. Nilidhani tulipokata kimeo tulikata ugonjwa. Kumbe tulikata nyama tu."

"Bibi, ugonjwa haukai kwenye kimeo," daktari akasema. "Vijidudu vinaingia kooni, mwili unapigana navyo, na katika kupigana unaupiga moyo wenyewe. Koo likiuma, mtoto aletwe hospitali." Akamshika Ainembabazi mkono. "Umeniokoa nisitibu kitu ambacho sicho. Lakini kumbuka, baba yako aliamini umechomwa, moyo haukuamini. Ungenyamaza leo, na mimi ningekutibu kwa uongo wako."

Alimpa dawa ya kupunguza maji mwilini na hewa ya kupumulia, kisha sindano. Safari ile Ainembabazi alichechemea kweli.

Baadaye alipelekwa Dar es Salaam. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakavimbisha puto dogo ndani ya ule mlango, ukafunguka. Walisema mlango huo unaweza kubana tena.

Ainembabazi yuko darasa la saba. Anachomwa sindano kila mwezi na anameza vidonge. Hachezi netiboli, anapuliza filimbi wenzake wakicheza. Aristides humsindikiza mpaka chumba cha sindano na kusimama mlangoni. Vero ameacha utani wa bata. Novatus ameuza pikipiki, yuko Nyakatuntu analima maharage. Bibi Sperancia huwaambia majirani wawapeleke watoto hospitali koo likiuma. Wengine humsikia. Mzee Desderius bado anakata vimeo.