Vyumba Viwili Salerno

Kagendo hakwenda soko la Fordsburg, Jozi, kutafuta mwanamume, hilo tulielewane mapema. Alikwenda kutafuta fundi wa kupunguza pindo la gauni jeusi. Ilikuwa Jumamosi, soko linasukumana, harufu ya sambusa na vitambaa vipya imejaa kila kona, akagongana uso kwa uso na mtu aliyebeba marobota hadi haoni mbele.

"Pole, mama! Sikukuona."

"Nimepoa. Unamjua fundi hapa karibu?"

"Fundi njo mimi," akasema yule mbeba marobota, Mkongo kwa lafudhi yake, meno yote nje. Jina lake Cédric. "Unaenda arusi?"

"Mazishi. Ya mama yangu, Meru. Yanaanza saa nane, nitayaangalia kwenye simu." Kibali chake cha kuishi kilikuwa bado kinashughulikiwa, angetoka Afrika Kusini, asingeruhusiwa kurudi.

Cédric aliacha kucheka. Alimpeleka kibandani kwake, akashona pindo upesi, akazima cherehani, akamvutia kiti na kuichomeka simu yake kwenye umeme. Wakayaangalia mazishi pamoja, katikati ya marobota. Kagendo hakutoa hata chozi.

Mapenzi yao yalianzia hapo, upende usipende. Miezi kumi ikapita, na chozi bado. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Asubuhi alivaa vizuri, akaenda kazini benki, Braamfontein, akacheka pale wenzake walipocheka. Kwamba anampenda Cédric alijua, kama anavyojua namba yake ya simu. Kulihisi ndiko kulikomshinda.

Julai, kibali kikiwa kimeshatoka, benki ikampangia mafunzo ya Septemba, Roma. Cédric akaruka: naye angekwenda, waongeze siku nne za baharini. Jumapili baada ya ibada wakaketi mkahawani, Kagendo ndani ya koti la rangi ya haradali aliloshonewa na Cédric mwenyewe, ramani ya pwani ya Italia wazi kwenye simu.

"Tuchague mji mumoja wa kulala, chérie. Sorrento?"

"Sawa."

"Ao Amalfi? Iko muzuri, lakini treni haifiki, na ngazi zake utapanda kama mbuzi."

"Sawa."

"Salerno iko na treni na boti za kwenda kila fasi. Asubuhi tunatembea, jioni tunarudi. Ao Vietri, jirani yake. Kamji kadogo, wanatengeneza sahani."

Kitu kikamgusa Kagendo kifuani, kidogo sana, kama hodi inayopigwa kwa jirani. Mama yake alimpikia bibi mmoja wa Kiitaliano kule Malindi miaka mingi, na bibi yule alipoondoka alimwachia sahani yenye samaki wa buluu. Nyuma yake iliandikwa Vietri. Haikuliwa chakula hata siku moja; ilitundikwa sebuleni Meru, watoto wakakatazwa kuigusa. Alitaka kulisema hilo. Mdomo ukasema, "Popote, mpenzi."

"Popote, popote! Weye hauna hata bahari unayoitaka?" Cédric akamfinya shavu. Alikuwa anatania, ila macho yake hayakucheka.

Jumanne karatasi ya hoteli aliyoagiza Cédric ikamfikia Kagendo kazini. Salerno, usiku nne, vyumba viwili. Kimoja kwa jina lake, kingine kwa jina la Cédric.

Wamaitha, wa meza ya pili, akachungulia. "Aki dada, huku ni kuachwa kwa adabu. Mtu akupeleke Italia akalale chumba chake?"

"Labda," alisema Kagendo, akaendelea na kazi. Alikuwa anaachwa na hata hakuumia, na hapo ndipo alipoogopa. Cédric alipopiga simu hakupokea. Jumatano hakupokea, Alhamisi hakupokea.

Ijumaa saa kumi na moja Cédric alimkuta kwenye foleni ya basi, yeye katika suti ya rangi ya damu ya mzee na skafu ya sufi, pua inavuja kwa baridi.

"Simu yako imekufa?"

"Haijafa."

"Nimekosa nini basi?"

"Vyumba viwili, Cédric. Kama unaniacha, niache hapa hapa Jozi. Usinipeleke mpaka Italia."

"Kukuacha? Kagendo, mama yako hajamaliza mwaka! Kwetu Bukavu mufiwa haguswi, haposwi, mpaka matanga iondolewe. Mwaka unatimia tarehe kumi na mbili, siku yetu ya tatu kule. Miezi kumi ninauma ulimi! Ulifikiri ninanyamaza juu ya nini?"

"Nilifikiri hunitaki."

"Eish!"

"Kwetu hatuna hiyo. Sisi tukishazika, tumezika."

"Weye ulizika?" akauliza polepole. "Uliangalia simu."

Basi, hapo ndipo ilipofunguka. Kagendo alilia mbele ya foleni nzima, kwa sauti, kamasi zikimtoka, bila haya. Basi lake likaja, likaondoka. Cédric akamfunga skafu yake shingoni, akasimama upande wa upepo.

"Futa Salerno," Kagendo akasema alipopata pumzi.

"Unataka Sorrento sasa?"

"Vietri. Mama alikuwa na sahani ya huko."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Sikuweza."

"Vietri basi. Vyumba?"

"Viwili." Uso wa Cédric ukashuka kidogo. "Mpaka tarehe kumi na mbili. Asubuhi yake tutamnunulia mama sahani. Jioni uniulize hilo uliloliumia ulimi."

"Nikikuuliza, usinijibu popote."

Kagendo akacheka, machozi bado yanamtoka, akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti la Cédric. Vidole vilikuwa vinamuuma kwa baridi, na alivihisi vyote kumi.